Shada Halirushwi

Shangazi Olha,
harusi kumi na moja umesimamishwa katikati ya ukumbi,
kipaza sauti kikikuita kwa jina,
"Na Olha? Olha yuko wapi?"
wewe na visichana vya miaka tisa
mkingoje shada liruke.
Nilikuwa mmoja wa visichana hivyo.
Niliona viatu vyako vya kijani
vikipiga hatua moja nyuma.

Ndiyo maana mimi na Tobias tulikaa jikoni Januari nzima,
nje baridi ya Saskachewani ikipasua mbao,
tukafuta.
Tukafuta shada.
Tukafuta ukanda wa paja na meno ya bwana harusi.
Tukafuta keki ya ghorofa tano,
nne zikiwa boksi lililopakwa sukari.
Kwenye dansi ya baba na binti kalamu ilisita:
baba ana goti la chuma
na hajawahi kukiri kwamba linauma.

Oktoba, ngano imeshaingia ghalani,
wageni walifika ukumbi wa parokia wakavishwa aproni.
Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
sisi tulimpa mlangoni, siku ya kwanza,
pamoja na kibao na ngumi ya unga.
Watu mia na ishirini, meza moja ndefu,
wakikunja vareniki, viazi ndani ya unga mwembamba.
Wakili kutoka Rejaina, suti ya kijivu, nyusi nyeupe,
alifundishwa kubana ukingo na mtoto wa miaka sita
aliyemwambia, bila huruma, "Fungua. Anza tena."
Mama mkwe, ambaye kanisani kwao hawachezi,
alikunja mia moja na nne bila kuinua macho,
bega likienda na kodiani.
Nani atasema hakucheza?

Na baba.
Tulimwekea kiti, na mimi kiti,
na katikati yetu ndoo ya vitunguu.
Wimbo mzima tulimenya.
Tulilia wote wawili
na hakuna aliyetakiwa kueleza.

Usiku ulipokwisha kukonda nikakutafuta.
Nitasema kweli: nilikuja kuchukua shukrani yangu.
Ulikuwa karibu na masinki, umekaa juu ya kreti,
viatu vipya, vyeusi, soli ya mpira.
"Nilinunua visivyoteleza," ukasema.
Sikuelewa.
"Mwaka wa Halyna nililidaka. Hujui.
Nililidaka nikaliachia, msichana mmoja alikuwa analia."
Ukavuta soksi.
"Dakika moja katika kila harusi,
ukumbi mzima ulijua niliposimama.
Mmenifutia bila kuniuliza."

Maji yalikuwa yanachuruzika mahali fulani.
Mimi, mwenye orodha, mwenye busara ya Januari,
sikuwa na neno.

Ndipo ukainuka.
Ukachomoa alizeti zote kwenye ndoo ya mlangoni,
ukazifunga kwa kamba ya aproni yako mwenyewe.
"Waosha vyombo wote, jipangeni!"
Wakajipanga: Tobias na povu hadi kwenye viwiko,
wakili, mikono ya shati imekunjwa,
mzee Petro, mjane, ameshika sahani kama usukani,
na padri, aliyekuja kutafuta kofia yake tu.
Ukawapa mgongo.
Ukahesabu moja, mbili,
ukarusha kabla ya tatu.

Lilipiga taa.
Lilipiga feni.
Likatua ndani ya sufuria ya supu ya kiazisukari chekundu
na kuzama taratibu, kwa heshima zake.

Hakuna aliyedaka.
Ulicheka mpaka ukashikilia sinki.

Tobias alilitoa kwa upawa.
Liko juu ya friji yetu hadi leo, limekauka,
jekundu mpaka shingoni,
na kila tukifungua mlango wa friji
linanuka kitunguu saumu.